Mpangaji wa Ghorofani

Kisigino hakuwa na kawaida ya kugonga msumari kabla hajauliza. Alikuwa fundi viatu, na duka lake lilitenganishwa na la fundi cherehani kwa ukuta wa mbao mwembamba, kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Basi anainua nyundo, anaiacha hewani, anauliza kwa sauti ya mtu anayebisha hodi: "Mchumba amelala?" Kutoka upande wa pili fundi cherehani anajibu, "Amelala," na nyundo inarudi chini, Kisigino anashika gundi. Au anajibu, "Yuko macho, anakusengenya," na hapo misumari inaanza kula kichapo.

Wateja wa viatu walishazoea. Ukimpelekea soli ya kugongwa asubuhi, anakuambia urudi mchana, mchumba wake akiamka. Wageni walidhani kuna mke wa mtu anaumwa humo ndani.

Mchumba mwenyewe alikuwa hana hata jino. Jina lake la kwenye cheti lilikuwepo, refu na zuri, ila halijawahi kupata kazi. Kila mtu alimwita Kifungo. Jina hilo alipewa na mama yake kabla hajazaliwa, siku walipoonyeshwa picha yake hospitali, kiduara kidogo chenye giza katikati. "Huyu si mtoto," mama yake alisema, "hiki ni kifungo cha shati la shule." Fundi cherehani, baba mtu, alicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Alikuwa mtu wa kucheka, yule mke. Na ndiye aliyekileta kile kitanda cha mtoto.

Alikinunua kwa mteja aliyekuwa anahama. Kilikuwa ndani ya mfuko mrefu, na fundi alipouona begani kwa mkewe alidhani ni mwavuli wa wauza matunda. Walipoufungua zikatoka fito za chuma, wavu, godoro jembamba la kukunjwa, na ubao laini wenye kingo na mikanda. Fundi akasema, niachie mimi. Huyu ni mtu aliyeweza kuitazama suti kwenye picha ya gazeti akaikata bila kumgusa mwenye nayo. Akabonyeza sakafu ya kitanda katikati, akainua upande mmoja, wa pili ukalala. Akainua wa pili, wa kwanza ukalala. Akakizunguka kama jogoo anayegombana na kioo. Mkewe amekaa kwenye stuli, tumbo kalipakata, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Kingo kwanza, baba," alimwambia mwishowe. "Kingo zote nne zilie, ko, ko, ko, ko. Ndipo ubonyeze katikati. Wewe unaanza na tumbo kabla ya mabega."

Akasimama akafanya mwenyewe, na kitanda kikatulia kwa miguu yake baina ya cherehani na meza ya kukatia. Kuta zake zilikuwa za wavu na sakafu yake iko chini kabisa, karibu na ardhi. Juu, kwenye kingo, kikaning'inizwa kitanda kingine kidogo cha kitambaa, kifupi kama trei, cha kumlaza mtoto mchanga ili mzazi asivunjike mgongo kwa kumwinamia. Upande wa miguuni ukapachikwa ule ubao laini wa kumbadilishia nepi. Mke akagawa majina palepale: kule juu ni ghorofani, kule chini ni uwani, na ubaoni ni bafuni. "Mpangaji ataanzia ghorofani," alisema. "Akipata nguvu za mikono tunamshusha."

Kitanda cha ghorofani kilishikiliwa na vibanio vya plastiki kwenye pembe, na kimoja kilikuwa kimevunjika. Aliyeuza hakusema, na alishahama na siri yake. Mke akavuta utepe mwekundu kwenye kapu la mabaki, akaupitisha kwenye tundu la kibanio, akauzungusha kwenye chuma, akafunga fundo. Akaliegemea kwa uzito wake wote kulijaribu. Fundo likashika.

Kwenda hospitali alikwenda kwa miguu yake, mfuko begani, akimwambia fundi amalizie kwanza gauni la watu ndipo amfuate. Aliyerudi nyumbani ni mtoto.

Mama wa marehemu alikuwa mfunga mizigo kwenye ofisi ya vifurushi ya kituo cha mabasi, katika mji wa mbali kidogo. Mwanamke wa maneno machache, vidole vigumu kama vya seremala. Tangu alipofika msibani alimpakata Kifungo na hakumpa mtu. Wajomba na mashangazi walipokaa kikao, hakuna aliyeuliza mtoto anakwenda wapi, ilikuwa wazi. Mwanamume mpweke, cherehani moja, na mtoto ambaye hajalijua ziwa la mama yake. Fundi, macho kwenye mkeka, akaomba aachiwe. Hakuwa na hoja yoyote ya maana. Alisema tu kwamba kitanda chake kiko tayari.

Mama mkwe aliiacha chai yake ipoe.

"Nakuachia, baba," alisema. "Lakini nisikilize. Siku nikimkuta na alama mwilini, hata iwe ya mbu mwenye bidii, naondoka naye, na hatutaitisha kikao."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoishia puani. Yeye hakucheka. Na fundi aliitikia akijua kwamba hakucheka.

Ndivyo Kifungo alivyoanza maisha ya ghorofani. Fundi alilala chumba cha nyuma na kufanya kazi chumba cha mbele, na kitanda kikabaki palepale mke alipokisimamisha, kwa sababu kati ya chumba cha usiku na cha mchana palikuwa na mlango mmoja tu. Akajifunza. Ubaoni pale alimlaza mtoto kama anayelaza kitambaa cha bei mbaya: anamnyoosha, anamfunga mkanda tumboni, chaki imebaki sikioni, halafu anakunja nepi kwa namna aliyojua yeye, pindo ndani, pindo nje. Wateja walisema hawajawahi kuona nepi iliyokaa kiunoni vile. Mmoja aliuliza kama anaweza kushonewa sketi ya mtindo huo. Akimaliza anachukua futi yake ya utepe anampima mtoto, kisigino hadi utosi, anatikisa kichwa kwa furaha. Vinguo vyake alivishona mwenyewe, na kila kimoja alikiachia nafasi ndani ya mshono, ili mwenyewe akirefuka, nguo ifumuliwe pindo na kuongezwa. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake kuhusu watoto: wanakua, unaongeza.

Kazi nayo ilibadilika mwendo. Kifungo akilala, fundi alikanyaga pedali polepole, cherehani ikitembea tak, tak, tak, kama bibi anayepanda ngazi. Gauni la siku moja likawa la siku mbili. Walionung'unika alinong'ona nao.

Jambo moja tu lilimkosesha raha tangu mwanzo, nalo ni lile fundo. Siku ya kwanza kumlaza mtoto alilitazama akaona ni utepe tu, utepe wa kupambia magauni, na mwanawe analala juu yake. Akachukua uzi mnene wa kushonea mahema na sindano ya mkono, akashona ukingo wote wa kitanda cha juu kwenye chuma, mzunguko mzima, na pale penye utepe akapazungushia kipande cha turubai, akapashona mara mbili. Fundo likabaki humo ndani kama mtu aliyejifunika shuka. Kila alipopita karibu alipaminya kwa kidole gumba. Halikuwa jambo la kusimulia watu. Kitu cha mwisho ambacho mikono ile ilifunga, na bado kimefungwa.

Kifungo akaota mikono. Kwanza akajigeuza. Halafu asubuhi moja fundi alikuta kichwa kimeinuka juu ya ukingo, shingo imekaza kama ya kobe anayetafuta basi, anamtazama baba yake kana kwamba amechelewa kazini.

Kliniki nesi alimwona anavyojisukuma kwa viganja juu ya mizani, akauliza analala wapi. Fundi akamweleza. Nesi akawa anakijua kitanda cha namna hiyo; alimwambia cha juu sasa kitolewe, leo hii, mtoto akae chini kwenye kina, kwani wanaoanza kujiinua ndio wanaoanguka. Akamtazama usoni akamuuliza kama amesikia. Fundi alisema amesikia.

Na alikuwa amesikia kweli. Alifika nyumbani, akachukua wembe wa kufumulia, akaenda moja kwa moja kwenye pembe yenye turubai. Akaufumua uzi wa kwanza. Upande wa utepe mwekundu ukachungulia, na akaona ili kitanda kitoke lazima akate hapo. Akasimama na wembe mkononi. Akaurudisha uzi wake, akaukaza, akaweka wembe kwenye mkebe.

Jioni ile akafikiri kama fundi cherehani. Mtoto amekua, kitanda kimekuwa kifupi. Na nguo ikiwa fupi hakatwi mwenye nguo. Alikuwa na turubai iliyobaki kwenye kazi ya kivuli cha duka. Akakata ukanda wa upana wa shubiri na zaidi, akausimamisha kuzunguka ukingo wote, akautia vijiti vya kusimamia, akaumalizia juu kwa mshipi laini ili usimkwaruze mtoto shingo. Ilikuwa kazi safi. Angeitundika dirishani ingemletea wateja.

Kisigino alikuja kuangalia, akakuna kidevu kwa msumari.

"Fundi mwenzangu," alisema, "wenzio mpangaji akikua wanamhamishia chini. Wewe unampandishia ukuta. Mwezi ujao utamwekea paa?"

Fundi akamjibu kwamba haoni hapo kitu kinachomhusu mtu wa viatu.

"Nesi kasemaje?"

"Wewe shona ndala zako," fundi alisema.

Walikuwa wametaniana miaka, wameitana kila jina la mnyama, lakini hili halikutoka kwa sauti ya utani. Kisigino alirudi kwake, na kwa mara ya kwanza akagonga bila kuuliza. Kifungo akaamka akalia. Kabla ya jua kuzama, nyundo ilisimama tena hewani, na sauti ikauliza, ndogo zaidi, "Mchumba amelala?" Fundi akajibu amelala. Wakaiacha hapo.

Ukuta wa turubai ulikuwa na kasoro moja, nayo haikuwa ya ushonaji. Ukingo ule mfupi ulimwonyesha mtoto dunia, turubai ilimfichia. Akawa analala ndani ya kisanduku chenye mwanga wa juu tu, anasikia cherehani, anasikia baba yake akipima watu, haoni kitu. Naye si mtoto wa kusimuliwa. Akatafuta namna ya kuona. Na ule mshipi laini wa juu, alioutia baba yake kwa huruma, ulikuwa na unene ule ule unaotosha kwenye kiganja cha mtoto.

Siku hiyo fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya bibi harusi mtarajiwa, anapima pindo la gauni, midomo imejaa pini. Alisikia kitu kizito kikidondoka, kama mzigo wa vitambaa ulioteleza mezani. Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Kisha ndipo mtoto akalia.

Hakuweza kuita. Alitema pini zote sakafuni na kutambaa kwa magoti chini ya meza. Kifungo alikuwa chali kando ya mguu wa meza ya kukatia, damu imeanzia kwenye nyusi inaingia sikioni. Kisigino alishafika mlangoni, mguu mmoja una kiatu chake na mwingine una kiatu cha mteja chenye kamba za dhahabu, na hivyo ndivyo walivyokimbia naye hadi kliniki, na nyuma yao bibi harusi ameshika pindo lenye pini, hakuna aliyemwomba aje.

Baadaye fundi alipokitazama kitanda aliona hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Ukingo umeshika, turubai imeshika, utepe umeshika. Mtoto alikuwa amepita juu ya kazi yake yote.

Nesi ndiye aliyemshona. Alimsafisha, akammulika macho, akambonyeza huku na huku, akasema Mungu kasaidia, ni nyusi tu. Hakukumbusha alichosema siku ile. Ingekuwa nafuu kama angekumbusha. Fundi alimshikilia mwanawe kichwa akaitazama sindano ikiingia na kutoka kwenye ile ngozi ndogo, na kwa mazoea ya maisha yake yote jicho lake likapima umbali wa mshono na mshono, likaona nesi ana mkono mzuri. Akaona aibu kwamba jicho limeweza kuona hilo.

Kisigino alimshauri njiani. Alisema mama mkwe si lazima ajue wiki hii. Jeraha la mtoto hupona haraka, unyusi ukiota utaficha, na simu za siku hizi zinajulikana kwa kuishiwa chaji. Alisema bila kumtazama, akichechemea kwenye kiatu cha mteja. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Alipofika dukani, kabla hajafuta damu sakafuni, akapiga simu.

Mama mkwe alifika kesho yake kwa basi la kwanza. Hakuwa na mfuko. Aliyekuja kukaa huja na mfuko.

Fundi alimwekea stuli, akabaki amesimama mikono nyuma. Alimweleza yote, hata ambayo hakuulizwa. Mama mkwe alikuwa ameshamchukua Kifungo, anamgeuza kwenye mwanga wa mlango, anatazama plasta bila kuigusa.

"Nesi alikuwa ameshakuambia," alisema.

"Aliniambia, mama."

"Ukamwongezea ukuta."

"Ndiyo."

Akaufikiria ule ukuta wa turubai kwa muda. "Umeshonwa vizuri," alisema, na fundi angetamani apigwe kofi. "Kikunje, baba. Nitaondoka nacho pamoja na mwenyewe."

Hakuna kikao kilichoitishwa. Fundi alichukua wembe, akapiga magoti, akaanza kufumua. Uzi wa mahema haufumuki kwa kuombwa. Ulitoka tundu kwa tundu, na kila tundu alilikumbuka, maana alilitoboa mwenyewe. Ukuta ukaanguka. Ukingo ukaachia upande mmoja, wa pili, wa tatu. Kisigino alikuwa ameegemea kizingiti, na mtu huyo aliyewahi kumtania mchimba kaburi akawa anaokota nyuzi zinazodondoka.

Akafika kwenye pembe. Akafumua turubai, na utepe ukatokea. Sehemu nyingine za kitanda zilishapauka kwa jua la mlangoni, lakini ule uliofunikwa ulikuwa bado mwekundu kama siku ulipotoka kwenye kapu. Fundi akauwekea wembe. Mkono ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma tena, na machozi yakadondokea wembe.

"Hapa alifunga yeye," alisema. "Ndiyo maana. Ningemshusha siku ile ile, mama. Hapa lazima kukatwe."

Mama mkwe alisogea. Alimpa Kisigino mtoto, akainama polepole, mkono kiunoni, mpaka uso ukawa karibu na fundo. Akalitazama kama mtu anayesoma.

"Nani kakuambia hili linakatwa?"

Fundi aliushusha wembe.

"Hili ni la kwetu pale ofisini," alisema mama mkwe. "Kuna mzigo unaofika hauguswi, huo una fundo lake. Na kuna mzigo ambao njiani utafunguliwa ukaguliwe, huo unafungwa hivi. Nilimfundisha hajaanza hata shule, nimempanga juu ya magunia asinisumbue." Akaigusa ncha moja ya utepe. "Ukivuta hii ndefu linakaza. Haliachii hata lori lipinduke. Hii fupi ndiyo ya kufungulia. Vuta."

"Vuta wewe, mama."

"Alikuachia wewe."

Fundi akashika ncha fupi kwa vidole viwili. Hakuvuta kwa nguvu. Fundo likafunguka lenyewe, bila sauti, utepe ukamwangukia kiganjani, na kitanda cha juu kikalala upande mmoja kama trei tupu. Muda wote ule alikuwa anapaminya kwa kidole gumba kila anapopita. Muda wote ule mkewe alikuwa amemwachia mlango wazi.

Fundi alikitoa kitanda cha juu akakiegemeza ukutani, akatandika godoro chini kwenye kina, akalisawazisha. Kisigino, bila kuambiwa, akamshusha Kifungo ndani.

Mtoto akakaa. Akatazama huku, akatazama huku. Dunia yote ilikuwa imerudi: cherehani, viatu, miguu ya watu. Akashika wavu kwa vidole, akajivuta, akasimama akiyumba, kidevu hakifiki hata kwenye ukingo. Plasta juu ya jicho, tabasamu chini yake, udenda unashuka kwenye wavu. Akapiga kelele ya furaha moja, ndefu, kama mtu aliyeshuka kwenye lifti iliyokwama.

Hata mama mkwe alicheka, kidogo, na fundi aliusikia mle ndani mcheko wa mtu mwingine. Akapata ujasiri.

"Sasa iko sawa, mama. Hapo hawezi kuanguka tena."

"Hapo hawezi," mama mkwe alikubali. Kisha akainama, akaokota kitu kando ya mguu wa kitanda. Akainama tena, akaokota kingine. Akamfungulia fundi kiganja. Zilikuwa pini alizozitema jana, na alishafagia mara mbili. "Lakini atatoka humu, baba. Anaanza kutambaa huyu. Na wewe huwezi kushona bila hizi."

Fundi alizitazama zile pini, akapapasa sakafu kutafuta nyingine.

"Sikuja kukuadhibu," alisema mama mkwe. "Kama ungenificha ningekuadhibu. Ulinipigia mwenyewe." Akazichomeka pini moja moja kwenye kile kimto cha cherehani, bila haraka. "Akishaijua sindano ni nini, na akishajua kusema baba, nitamrudisha. Na ukitaka kuja kumwona, njoo. Mimi nina chumba, hakina cherehani."

Fundi alimfundisha kukikunja kile kitanda. Alimwonyesha ukanda wa katikati wa kuvuta kwanza, na kitufe cha kila ukingo. Kisha akakifungua tena ili amwonyeshe kukisimamisha, kwa sababu huko hakutakuwa na mtu wa kuuliza.

"Kingo kwanza, mama," alimwambia. "Zote nne zilie. Ndipo ubonyeze katikati."

Mama mkwe akajaribu mwenyewe. Ko, ko, ko, ko, halafu katikati. Kilisimama mara ya kwanza.

"Wewe ulikiweza mara ngapi?" aliuliza.

"Mimi sijawahi kukiweza," fundi alisema.

Zipu ya mfuko ilikuwa imekufa zamani. Mama mkwe alinyoosha mkono, fundi akampa utepe, naye akafunga mdomo wa mfuko kwa fundo lile lile, akaacha ncha fupi ining'inie nje ionekane. Fundi akabeba mfuko begani hadi kituoni, Kisigino akabeba kapu la nepi na vinguo vyenye nafasi ndani ya mshono. Kifungo hakulia. Alikuwa mgongoni kwa bibi yake, anaangalia mabasi, na basi lilipoondoka alikuwa anaangalia upande mwingine.

Dukani, sakafu ilikuwa na alama za miguu ya kitanda, saruji imebaki safi mahali pale na kuchakaa kwingine. Kitanda cha ghorofani kilikuwa bado kimeegemea ukuta. Mama mkwe alisema hakina kazi tena kwa mtoto wa kimo kile. Fundi alikiinua akitafuta pa kukiweka, akakirudisha palepale. Akakaa kwenye cherehani. Gauni la bibi harusi lilikuwa linamsubiri, pindo halijaisha. Akaweka mguu kwenye pedali, na cherehani ikaanza kutembea tak, tak, tak, polepole, mpaka katikati ya pindo ndipo alipogundua kwamba hakuna wa kuamshwa. Mguu haukuongeza mwendo.

Upande wa pili stuli ililia. Aliijua ile sauti. Ni ya mtu anayejiweka sawa ili agonge. Akangoja swali. Halikuja. Akaijua nyundo iko juu, imeshikwa hewani, upande ule wa mbao.

"Gonga tu," fundi alisema.

Stuli ikalia tena. Ukapita muda mrefu, na kisha, kwenye nyufa za mbao, ikaanza kupenya harufu ya gundi.